Kamba za Turubai la Stambuli

Habib aliuza kamba mjini Malindi tangu ujanani, na hapakuwa na mtu aliyepata kuirudisha kamba dukani kwake kwa kuwa haikufaa. Ukimwendea ukamwambia wataka kamba, hakukuuliza urefu kwanza. Alikuuliza ya kufungia nini, na ukisema mbuzi, alitaka kujua mbuzi mwenyewe mtulivu au mkaidi, na hufungwa juani au kivulini. Wauza samaki wa jirani walimcheka kwa hilo. Walisema kwa Bwana Habib hata kamba ya kuanikia nguo huipati mpaka uzitaje nguo zenyewe moja moja. Sasa mtu huyo huyo, bingwa wa pwani nzima, alikuwa ameshindwa kuchagua kamba za kuvutia turubai dogo ambalo ukilikunja laingia mfukoni mwa kanzu.

Turubai lilikuwa la mwanawe Stambuli, na Stambuli alikuwa amekufa.

Lori lilimgonga upande wa Gede asubuhi moja, akirudi nyumbani kwa pikipiki. Watu walikuja, wakazika, wakasoma hitima, wakala wali, wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kisha wakashika njia na kuwaachia wazazi uchungu wao. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Matanga ni matanga, na kila mtu ana kwake. Lakini nyumba ilipobaki na watu wawili, Habib na mkewe Zeina, ikawa kubwa ghafla, na mlango ukifungwa chumbani ulisikika mpaka jikoni.

Zeina alikuwa na jambo moja lililomshikilia asianguke. Alilelewa na bibi yake, na bibi alimfunza kwamba vitu vya maiti sharti vitolewe sadaka kabla ya arobaini. Kitu kikibaki ndani hakina mtumiaji, bibi alikuwa akisema, humvuta mwenyewe nguo asiende zake kwa raha. Imamu wa mtaa alimweleza kwa upole kuwa jambo hilo halina asili katika dini. Zeina alimwitikia kwa heshima zote, akaendelea kukunja mashati. Kanzu zilipelekwa madrasa, viatu alipewa mpwa wa jirani, simu akaichukua Zakiya, binti yao aliyeolewa Takaungu. Vyote hivyo Zeina alivigawa kwa macho makavu, hata majirani wakanong'ona kuwa mama huyu moyo wake wa chuma. Mwisho kikabaki kitu kimoja juu ya kitanda cha Stambuli.

“Hili ni la Ngowa,” alisema.

Ngowa alikuwa rafiki wa marehemu, kijana wa Kigiriama kutoka Ganze. Habib alikubali mara moja, maana hapakuwa na mwengine duniani wa kupewa. Akalishika turubai, akaligeuza, akapitisha kidole katika vitundu vya pembeni.

“Halina kamba.”

“Si atatia mwenyewe?”

“Sadaka haitolewi kitu nusu, Zeina. Turubai bila kamba ni kitambaa tu. Na mimi, muuza kamba, nimpe mtu turubai lisilo na kamba? Ngoja nilitafutie zinazolifaa, kisha tumpe.”

Zeina akayaona ni maneno ya haki, akakubali. Hapo ndipo alipokosea.

Kulielewa turubai lile sharti umwelewe Stambuli kidogo, na wazimu wake. Kijana huyu, mtoto wa mji wa kale, aliyekulia katika nyumba ya mawe yenye vitanda vya kutosha, alipenda kulala porini. Siku za mapumziko yeye na Ngowa waliondoka kwa miguu, mara msitu wa Sokoke, mara nyuma ya Ganze kwenye ukavu ambako hata mbuzi hutembea wakilalamika, mara ufukweni kwenda juu mpaka mashamba ya chumvi ya Marereni. Na kwa kuwa walibeba kila kitu mgongoni, pamoja na maji ya kunywa, Stambuli aliingiwa na ugonjwa wa uzito. Hakuna kilichopona. Aliukata mpini wa mswaki, kikabaki kichwa na kijisehemu cha kushika kwa vidole viwili. “Mswaki umekukosea nini, mwanangu?” Habib alimuuliza. Siku moja Zeina alimkuta jikoni akipima chumvi kwa mizani aliyoiazima kwa sonara, akatoka nje akicheka mpaka akakaa chini.

Turubai ndilo lililokuwa fahari yake. Kaskazini ya mji kuna wageni wanaocheza baharini wakivutwa na tiara kubwa, na tiara likishapasuka halina kazi tena. Stambuli aliliomba moja bovu, akalifumua, akalikata, akalishona kwa cherehani ya mamake jioni baada ya jioni. Likatoka jepesi kuliko ushungi. Zikabaki kamba, na kamba Stambuli hakutaka kuzichagua yeye.

“Baba, nataka kamba nyepesi kabisa,” alisema dukani, ameegemea marobota. “Lakini isilegee kwa mvua, na isikate kitambaa.”

“Hizo ni kamba tatu,” Habib alimjibu huku akicheka. “Nipe muda.”

Alipewa muda. Mizigo ikaja, wateja wakaja, ukaja mfungo wa Ramadhani, na kila jambo likawa na haraka yake isipokuwa hili la mtoto. Stambuli hakumkumbusha ila mara moja, na hata hiyo mara moja alikumbusha kwa kutania. Kisha likatokea lile lori. Habib alikuwa bado hajazifikiria hizo kamba hata kwa dakika chache.

Basi sasa akazifikiria. Alipiga vigingi uani, akasimamisha vijiti viwili, akaanza kujaribu kamba moja baada ya nyingine, na Zeina akawa akimtazama kutoka mlango wa jikoni.

Alianza na katani, kwa kuwa katani ni rafiki wa mkono na fundo lake halitelezi. Umande ulipoanguka ikajikunja, ikazivuta pembe za turubai hata mishono ikalia. Jua lilipotoka ikalegea kama shavu la kizee. Akaitoa. Alikwenda Takaungu kwa Zakiya, ambako mavyaa yake, mama wa mumewe, alisokota kamba za makumbi ya nazi kwa mkono, kamba zisizoogopa chumvi wala maji. Alirudi na kitita. Kitita kilikuwa kizito kushinda turubai lenyewe. Stambuli angalikufa kwa cheko, Habib aliwaza garini, kisha akalisikia neno aliloliwaza, akageuza uso dirishani.

Nailoni nayo ilivutika ilipomwagiwa maji, turubai likabonyea katikati. Nyuzi za lile tiara, ambazo ng'ombe wawili hawazikati, zilikuwa na utelezi. Fundo ulifunge utakavyo, baada ya muda lajifungua lenyewe taratibu kama lina akili. Akajaribu mshipi wa kuvulia. Mshipi ni mwepesi na ni imara, lakini hauonekani, na Zeina akipita uani na beseni la samaki ukamkata kifundo cha mguu. Hakupiga kelele. Aliliweka beseni chini, akaifuta damu kwa ncha ya kanga, akamtazama mumewe.

“Mchagua jembe si mkulima, Baba Stambuli,” alisema.

Ukweli ni kwamba kila kasoro ilimfurahisha Habib. Hakuthubutu kujiambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila kamba iliyoshindwa ilimpa nafuu ya siku mbili tatu, mfano wa mtu aliyekuwa aondoke kwa safari asiyoitaka akaambiwa chombo kimeharibika. Maadamu kamba haijapatikana, turubai lilikuwa bado lashughulikiwa, na mtu aliyeagiza kamba zile alikuwa bado azisubiri. Mara mbili Ngowa alikuja kutoka Ganze, akaketi barazani, akanywa chai, na mara mbili Habib akamwambia, “Bado kidogo, mwanangu.” Ngowa hakuwa mtu wa kudai. Alisema haidhuru, akavaa kofia yake, akarudi zake.

Zeina ndiye aliyedai. Kila asubuhi, baada ya chai, alilianzisha upya. “Arobaini hiyo yaja. Mtu yuatoka Ganze huko, siku nzima yampotea, wamrudisha mikono mitupu. Turubai umeliangika uani kama pazia la harusi. Wataka mwanangu asipumzike?” Siku nyengine alisema kwa ukali, siku nyengine kwa kuomba. Habib alikuwa na jibu kila siku, na lilikuwa jibu la fundi, na Zeina hakuwa na ujuzi wa kulipinga. Alinyanyua sinia akaingia ndani. Kesho yake alianza tena.

Mwisho mtu mmoja sokoni akamwambia Habib aende Kilifi, kwenye hori, ule mkono wa bahari uingiao bara, mahali zinapotengenezwa mashua za wageni za kutembelea, kuna mwanamke ashonaye matanga yao na ana kamba ambazo hazijafika Malindi. Habib akaenda, na moyoni aliomba asimkute.

Alimkuta. Jina lake Gladys, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, ameketi sakafuni katikati ya tanga kubwa jeupe akilitia kiraka. Alimpa kiti, akamwamkia.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Natafuta kamba.”

“Wataka ya nini?”

“Ya turubai. Jepesi sana. La mtu anayekwenda kwa miguu.”

Gladys akacheka. “Wewe huyo?”

“Mwanangu.”

Alilisema kabla hajajizuia, na likishatoka hakulirekebisha.

“Yuapenda pori, eh? Hulala peke yake?”

“Na mwenzake mmoja wa Ganze.”

“Ni mrefu?”

“Kama mamake.”

“Na ni mtu wa kutunza vitu, au ni wale wa kuvurumisha tu? Maana kamba nyengine zataka mtu mwangalifu.”

“Yuatunza,” Habib alisema, na sauti yake ikachangamka. “Yuatunza mpaka wakereka. Mswaki wake ameukata mpini, apunguze uzito.”

Gladys alicheka tena, akatikisa kichwa, akauliza mbona hakuja mwenyewe akachagua. Habib akasema ana shughuli. Akaongeza kuwa vijana wa siku hizi hawana nafasi. Kwa muda ule mfupi, katika banda lile lililonuka gundi na maji ya hori, Stambuli alikuwa hai, ana shughuli zake mahali fulani, na babake ametoka kumfanyia jambo. Habib alitamani mwanamke yule amuulize maswali mpaka jioni.

Gladys aliinuka akaleta kibiringita cha kamba ya kijivu, nyembamba kama tambi. Haikusokotwa, ilisukwa. Alisema ni poliesta, si nailoni. Akaichovya katika ndoo, akampa Habib ncha moja, akashika nyengine, wakavutana. Haikuvutika. Akafunga fundo, akalitikisa, akalivuta, likakaa palepale. Habib aliibiringisha katikati ya vidole akitafuta mahali pa kuilaumu. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kumdanganya, vilimwambia ndiyo hii.

“Mwambie asikaze sana siku ya kwanza,” Gladys alisema. “Naye akirudi salama, mlete anionyeshe hilo turubai.”

“Nitamwambia,” alisema Habib.

Alirudi Malindi nayo katika mfuko wa kanzu. Zeina alipomuuliza, alimwambia yule mwanamke hana lolote. Dukani hakuiacha, maana aliogopa asije mteja akaiona akaitaka. Akawa akitembea nayo mfukoni, akiigusa mara kwa mara, na kila asubuhi mkewe akimgombeza aliitikia kuwa anaendelea kutafuta. Siku kadhaa zilipita hivyo. Wingu la masika lilikuwa limeshaanza kujikusanya juu ya mji, joto likawa zito, na shughuli za hitima ya arobaini zikaanza kupangwa.

Usisahau kwamba kanzu hufuliwa. Asubuhi ya mkesha wa arobaini, Habib alipoketi kwa chai, alikuta kibiringita cha kijivu kimewekwa kando ya kikombe, juu ya sinia, kimekunjwa vizuri. Zeina alikuwa amesimama.

“Nimeitia maji pamoja na nguo,” alisema. “Haikufanya kitu.”

Habib alikisogeza kikombe kando.

“Ngowa yuaja leo. Nimempigia mimi.”

Akaingia jikoni. Habib alikunywa chai ambayo haikuwa na ladha yoyote, akatoka uani na kamba yake. Alijiona kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi, na wakati huohuo alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani.

Ngowa alifika jua limepanda. Alikuwa ametoka kwao alfajiri, akatembea kipande kikubwa kabla ya kupata gari, na vumbi jekundu la Ganze lilikuwa limempanda mpaka magotini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Za Ganze?”

“Kavu tu, baba. Mvula hatujaiona hata tone. Mahindi yamekauka yakisimama.”

“Mungu atasaidia. Haya, njoo unishikie hapa.”

Wakalivuta turubai pamoja. Habib alikata kamba, akazipitisha tunduni, akafunga, akakaza kwa kiasi alichoambiwa. Kila pembe ilipokaa aliizunguka akaiinamia. Turubai lilisimama kama limekata shauri, halina kunyanzi wala ulegevu, na upepo mdogo wa uani ulipita juu yake bila kulitikisa. Habib alitafuta kasoro. Aliligonga kwa kidole, likalia kama ngoma ndogo. Alikwenda upande wa pili akarudi.

“Yatosha, baba,” alisema Ngowa taratibu.

“Ngoja. Haraka ya nini? Lala ndani tuone urefu.”

Ngowa akavua viatu, akajipenyeza chini, akalala chali. Miguu yake ikatokeza nje.

“Fupi!” Habib alisema, na furaha ikamtoka hata akaona haya. “Waona? Miguu iko nje. Hili halijawa bado. Itabidi liongezwe kitambaa, tena kitambaa chenyewe sharti kitafutwe.”

“Stambuli alilikata makusudi hivyo, baba,” sauti ya Ngowa ilitoka ndani, nzito. “Alisema miguu haina haja ya nyumba.”

Habib alisimama pale. Alingoja kijana aongeze neno, lakini kijana hakuongeza; uchovu wa njia na kivuli kile vilikuwa vimemchukua. Alikuwa amelala usingizi.

“Halafu hatujalijaribu kwa mvua,” Habib alisema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Manyunyu yalianza kabla hajaondoka pale. Zeina alitoka mbio kuanua nguo, kanga na kanzu zikamjaa mikononi, na alipogeuka ndipo alipoiona ile miguu. Akasimama. Mvua ilimwagikia kichwani naye hakujifunika.

Habib alijua alichokiona mkewe. Siku ile ya msiba Zeina alioneshwa uso tu, tena kwa muda mfupi, kisha sanda ikafungwa. Waliomuosha walikuwa wanaume, na Habib alikuwa mmoja wao. Baada ya maziko Zeina alimuuliza swali moja, na mpaka leo hakuuliza jengine: miguu yake ilikuwaje? Habib akamjibu, mizima. Haikuwa mizima. Huo ulikuwa uongo wa kwanza mkubwa alioutamka kwa mkewe tangu amwoe, na alikuwa tayari kuurudia mbele ya yeyote.

Na sasa hii hapa miguu mizima ya mwana wa mtu, vidole juu, mvua ikiosha vumbi lake kidogo kidogo. Zeina alikaribia. Alichagua kanga moja katika zile alizozianua, akaikunja mara mbili, akainama akaifunika miguu ya Ngowa kwa uangalifu, akiipenyeza pembeni ili maji yasiingie. Ngowa hakuamka. Kisha akaja kusimama na mumewe kibarazani, na wote wawili wakatazama.

Mvua ikawa mvua kweli. Ilipiga lile turubai kwa kelele, ikateremka kwenye mbavu zake, ikachuruzika kwenye kamba za kijivu hadi vigingini. Habib alizitazama kamba moja moja. Hakuna iliyolegea. Alingoja. Bado hakuna iliyolegea. Chini ya kitambaa kile alichokishona mwanawe, kwa cherehani iliyokuwa kando ya ukuta nyuma yao, mtu alikuwa amelala mkavu kabisa, akikoroma kidogo. Habib aliona fahari ikimpanda kifuani, na mara ile ile ikamchoma, kwa kuwa fahari hiyo hakuwa na wa kumpa. Kamba tatu katika moja. Ilikuwepo Kilifi siku zote, mwendo wa asubuhi moja tu.

“Imeshika,” alisema.

Zeina alizikumbatia nguo mbichi. Aliingia ndani.

Mvua ilipotulia Habib alimwamsha Ngowa, na ile kanga akampelekea Zeina mlangoni. Alimfundisha fundo lile mara moja, na mara ya pili, akamwambia siku ya kwanza asikaze mno, maana ndivyo alivyoagizwa amwambie mwenye turubai. Wakalitikisa maji, wakalikunja, likarudi kuwa kile kitu kidogo cha kuingia mfukoni. Habib alilishika kwa muda uliozidi kidogo. Ngowa alikwisha nyoosha mikono yake miwili, naye hakuirudisha wala hakuharakisha.

“Lichukue, mwanangu,” Habib alisema. “Mungu amrehemu mwenyewe.”

“Amina, baba. Nikipita Malindi nitakuja niwaonyeshe linavyokaa.”

“Usilihifadhi. Litumie mpaka lichakae.”

Alimsindikiza mpaka mwisho wa kichochoro. Machozi yalimtoka akirudi, akayaacha yatoke, kwani kichochoro kilikuwa kitupu. Lakini nyuma ya machozi palikuwa na kitu chepesi. Alikuwa amelitimiza alilolitaka mkewe siku zote hizi. Angalau mmoja wao ataamka kesho roho yake imetua, na asubuhi watakunywa chai kwa amani. Aliingia nyumbani akiwa na neno hilo mdomoni.

Zeina alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha Stambuli, ameegemea kitanda kisichokuwa na kitu tena. Ile kanga iliyofunika miguu ya Ngowa, bado mbichi, ilikuwa mapajani mwake.

“Kachukua?” aliuliza.

“Kachukua.”

“Na kamba?”

“Na kamba zote. Na vigingi.”

Alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu vitu moyoni na kukuta vimetimia. Mama wa moyo wa chuma, aliyegawa kila kitu kwa macho makavu, alijifunika uso kwa ile kanga mbichi na kulia kwa sauti ambayo Habib hakuwahi kuisikia, si siku ya msiba wala baada yake. Habib alipiga magoti mbele yake. Hakujua aishike mikono yake au amwache.

“Nilijua utapata jambo jengine la kusema,” Zeina alisema ndani ya kanga. “Kila siku wapata. Nami kila asubuhi nikasema maneno yangu, kwa kuwa nilijua hutampa.”

“Zeina.”

“Siku zote hizi nasema, hunisikizi.” Aliishusha kanga akamtazama. “Leo ndiyo umenisikiza, Baba Stambuli?”